Kutoka Kakuma hadi Adelaide: Kijana wa Ugenini na Mpira wa Wenyeji

Mhariri amenitaka niandike kidogo juu ya historia ya michezo. Wasomaji wapendwa watanisamehe nikiiacha kandanda ya Qurum na kwenda mpaka Australia. Sababu ni mjukuu wangu.

Binti yangu anaishi Perth na mumewe. Alinipigia simu: "Baba, mtoto anataka kuacha masomo ya jioni acheze mpira wa huku. Tumeshindwa kukata shauri, tunangoja neno lako." Nilikaribia kumjibu kama nilivyomjibu kaka yake mkubwa tulipofika hapa kutoka Unguja, katika miaka ya 1970, Qurum ikiwa bado mikoko na mchanga: soma kwanza, mpira haupiki wali. Safari hii niliomba muda nichungue.

Mchezo wenyewe si kandanda. Sheria zake za mwanzo ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Kila upande una watu 18, na uwanja na mpira vyote vina umbo la yai. Mchezaji huweza kuudaka mpira na kukimbia nao, ila kila mita 15 lazima audundishe au auguse chini. Kumpa mwenziwe, huupiga kwa mguu au kwa ngumi. Kuutupa ni kosa. Milingoti ni minne: kuupitisha kwa mguu katikati ni pointi 6, pembeni pointi 1.

Katika kuchungua nikakutana na habari za Aliir Aliir. Alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992 kwa watu waliokimbia vita vya Sudan, na wazazi wake walitoka huko. Alipelekwa Australia akiwa bado mtoto, akakulia Brisbane. Mchezo huu hakuuzaliwa nao kama watoto wa wenyeji. Aliujua ukubwani kidogo. Baadaye akahamia upande wa Perth, akachezea East Fremantle.

Huko klabu kubwa huchagua vijana kwa zamu kila mwaka. Mwaka 2013 Sydney Swans walimchukua akiwa wa 44. Hapo wengi wetu tungepiga vigelegele na kudhani kazi imekwisha. Kumbe alikaa misimu miwili mizima, 2014 na 2015, bila ya kucheza hata mechi moja ya timu ya kwanza. Alianza mwaka 2016, akawa beki hodari wa kuruka na kukatiza mipira ya adui. Mwaka huo huo, katika mechi ya mwisho kabla ya fainali, akaumia goti. Timu yake ikaenda fainali bila ya yeye, na ikashindwa na Western Bulldogs.

Mwisho wa 2020 alihamia Port Adelaide. Mwaka uliofuata, 2021, akateuliwa katika kikosi cha heshima cha wachezaji 22 bora wa ligi nzima.

Nilipomaliza kuyasoma hayo nilimkumbuka mwanangu. Alinitii, akasoma, akawa mhasibu mzuri, na sasa amestaafu. Lakini tangu siku ile hakuniomba tena kitu chochote akipendacho. Sisi wahamiaji tuna hofu moja: tulikwisha kupoteza nyumba, basi hatutaki mtoto apoteze hata siku moja. Hofu hiyo si dhambi, lakini isiwe kufuli.

Nilimjibu binti yangu: mwacheni acheze, na masomo yahamishiwe asubuhi ya mapema. Mwambieni pia habari za ile misimu miwili ya kungoja, na za lile goti. Akisikia yote hayo na bado akavaa viatu, basi huo ndio mpira wake.

Kisha nikampigia simu kaka yake. Tulizungumza muda mrefu.

Mola awahifadhi vijana wetu popote walipo.