Uga wa Umeme wa Chaji Iliyotandaa

Uga wa umeme ni ile hali ya mahali ambayo kwayo chaji yoyote itakayowekwa pale hushikwa na kani, hata pasipo kitu cha kuigusa. Na chaji huitwa iliyotandaa pale isipokusanyika katika nukta moja, bali imeenea katika urefu wa waya, juu ya uso wa kitu, au katika ujazo wake wote. Charles-Augustin de Coulomb, Mfaransa aliyeipima kani hii mwaka 1785 kwa mizani ya waya unaosokotwa, alidhihirisha ya kwamba baina ya chaji mbili ndogo kani hiyo hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali. Walakini chaji za nukta ni nadra katika maumbile, na atakaye kuifahamu kanuni hiyo barabara na aitazame mahali kama Same, wilaya yenye tambarare kavu chini ya Milima ya Upare, ambako hupita njia ya umeme wa volti 132,000 itokayo Hale kwenda Kiyungi, karibu na Moshi.

Siku ya utulivu, uga juu ya ardhi tambarare huwa takriban volti 100 kwa mita, nao huelekea chini, kwa sababu uso wa dunia una chaji hasi. Hesabu yatuonyesha ya kuwa uga huo wadai ziada ya elektroni zipatazo bilioni 5.5 katika kila mita ya mraba. Hata katika milimita moja ya mraba zimo zaidi ya 5,000. Kwa wingi huo hatuzihesabu moja moja: twaligawa eneo katika vipande vidogo mno, twatumia kanuni ya Coulomb kwa kila kipande, kisha twajumlisha, tukiangalia sana mwelekeo, kwani nyuga zinazokabiliana hutanguana.

Katika waya mrefu ulionyooka faida ya jumla hiyo hudhihirika. Vipande vya mbele na vya nyuma hutanguana kwa upande wa urefu, ukabaki uga uelekeao nje tu. Tena kadiri mtu aendavyo mbali, ndivyo vipande vingi zaidi vimsukumavyo kwa mshazari ufaao, hata uga ukapungua kwa kadiri ya umbali wenyewe, si kwa mraba wake. Waya wa njia kama ile ya Same, umeme ufikapo kilele, huchukua takriban sehemu moja ya milioni ya kulombi, kizio cha kupimia chaji, katika kila mita. Lau ungekuwa peke yake, uga wake umbali wa mita 10 ungekuwa volti 1,800 kwa mita, ilhali juu ya uso wake, ikiwa nusu kipenyo ni sentimita 1, wafikia volti 1,800,000. Hewa huvunjika karibu na volti 3,000,000 kwa mita. Kwa hiyo tone la maji au mkwaruzo mdogo, ukusanyao chaji mahali pamoja, watosha kuifanya hewa ya kando ya waya ivume wakati wa ukungu. Kwa hakika nyaya ni tatu, zikipokezana vilele, na hivyo nyuga zao hutanguana kwa kiasi kikubwa chini ardhini.

Wingu la radi juu ya milima ni jambo jingine. Tabaka pana la chaji, kwa aliye karibu nalo, lina uga usiobadilika kwa umbali. Lakini wingu lina mpaka, nayo ardhi hujikusanyia chaji ya kinyume chini yake. Tukikadiria kulombi 20 za chaji hasi kwenye kimo cha kilomita 6, na kuiacha ile chanya iliyo juu zaidi, aliye chini yake hupata takriban volti 10,000 kwa mita, na aliye kilomita 18 huko tambarare hupata 300 na kitu, maana kwa mbali uga huo hupungua kwa kadiri ya mchemraba wa umbali. Hesabu hiyo yahusu ardhi sawa: kwenye kilele cha Shengena katika Milima ya Upare, kilichopanda zaidi ya mita 2,400, na kwenye mti uliosimama peke yake, chaji husongamana penye ncha, na uga wa hapo huzidi wa bondeni mara nyingi.