Rongui na Njia ya Kusini: Mafunzo ya Upasuaji wa Watoto kwenye Pwani ya Ruvuma

Kisiwa cha Rongui kiko kaskazini mwa Vamizi, mbele ya bara ya Palma, na wakazi wake ni wavuvi wanaosema Kimwani na Kiswahili. Ukipima kwenye ramani kwa mstari ulionyooka, utakuta Dar es Salaam iko kwenye robo tu ya umbali wa kufika Maputo, na Mtwara iko karibu kuliko Pemba, makao makuu ya mkoa wenyewe wa Cabo Delgado. Mgonjwa wa rufaa, hata hivyo, hafuati mstari ulionyooka. Huvuka kwa mashua hadi bara, kisha Palma, Mocímboa da Praia, Pemba, Nampula, na mambo yakizidi, Maputo: kila hatua inamsogeza kusini. Njia hiyo hawakuichora madaktari. Ilichorwa mwaka 1886, Wajerumani na Wareno walipokubaliana kwamba mpaka wao uwe Ruvuma, ikachezewa tena mwaka 1894 Wajerumani walipoitwaa Kionga, ikarudishwa ilivyokuwa Wareno walipoipata tena Kionga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mafunzo ya madaktari bingwa yamefuata njia hiyohiyo ya kusini, na kwa kiasi kikubwa hilo ndilo lililoamua nani apate huduma na nani aikose. Hoja ya makala haya ni kwamba historia ya nusu karne iliyopita, Msumbiji na kwa majirani zake, inaonyesha kuwa mpasuaji hukaa pale alipofundwa. Kwa hiyo upasuaji wa watoto hautafika pwani hii kwa kuongeza mabingwa mji mkuu. Utafika pale mafunzo yenyewe yatakapogawanywa baina ya hospitali kubwa na ndogo, kila moja ikifundisha hatua yake ya tiba.

Tuchukue ugonjwa mmoja, maana bila ugonjwa maneno haya yanabaki hewani. Mtoto huzaliwa bila njia ya haja kubwa. Mkunga makini hugundua siku ileile, anapomkagua au anapotaka kumpima joto. Mkunga asiye makini hushtuka siku ya pili au ya tatu, tumbo limevimba ngozi inang'aa na mtoto anatapika kijani. Tiba yake kwa kawaida ni ya hatua tatu. Kwanza hufunguliwa tundu upande wa kushoto wa tumbo, utumbo mpana hukatwa na midomo yake miwili hushonwa kwenye ngozi kila mmoja peke yake, ili kinyesi kitoke juu na kisishuke kwenye kipande cha chini. Hii ndiyo kolostomia, na ndiyo inayookoa maisha. Baada ya miezi kadhaa, mtoto akishaongezeka uzito, hutengenezewa njia mpya kwa upasuaji ambao Alberto Peña aliuanzisha Mexico mwaka 1980: mtoto hulazwa kifudifudi, mpasuaji hufuata mstari wa katikati kabisa na huigusa misuli kwa umeme mdogo, aone inakaza wapi. Akikosea kwa milimita chache, mtoto huyo atakuwa mtu mzima asiyeweza kujizuia. Hufuata wiki nyingi za mama kupanua njia hiyo kwa vyuma vinavyoongezwa unene kidogo kidogo, kisha kolostomia hufungwa. Huyo ni mgonjwa mmoja, lakini viwango vya ujuzi ni vitatu. Hatua ya pili inamtaka bingwa wa upasuaji wa watoto na hakuna njia ya mkato. Ya kwanza haitaki bingwa. Inataka mikono iliyofundishwa, mtu wa dawa ya usingizi anayejua mtoto mchanga, na inataka vyote hivyo mahali ambapo mtoto atafika kabla utumbo haujapasuka.

Taaluma ya upasuaji wa watoto ilizaliwa katika hospitali moja moja kubwa, na hilo lilikuwa na maana yake. William Ladd aliijenga Boston, Denis Browne aliipigania Great Ormond Street mjini London, na mwaka 1953 Waingereza wakaanzisha chama chao cha wapasuaji wa watoto. Barani Afrika, Cape Town ilitangulia. Mwaka 1955 Jan Louw na Christiaan Barnard, yule ambaye dunia ilikuja kumjua kwa kupandikiza moyo, walichapisha majaribio yao yaliyoeleza kwa nini watoto wengine huzaliwa na utumbo ulioziba, na mwaka uliofuata ikafunguliwa hospitali ya watoto ya Red Cross. Wanaotetea mafunzo ya mahali pamoja hushika hapo: kasoro za kuzaliwa ni chache, kila moja peke yake, na mwanafunzi anayeona mtoto mmoja wa aina hiyo kwa mwaka hatakuwa bingwa hata akae miaka kumi. Hoja hiyo ni nzito na siipingi. Ila inahusu hatua ya pili ya tiba niliyoieleza, na kosa limekuwa kuitandaza juu ya hatua zote tatu.

Lourenço Marques, kama Maputo ilivyoitwa enzi za ukoloni, nayo ilifuata mtindo huo wa mahali pamoja. Masomo ya chuo kikuu yalianza huko mwaka 1963, na wanafunzi wa udaktari wakajifunzia hospitali ya Miguel Bombarda, ambayo baada ya uhuru ikawa Hospitali Kuu ya Maputo. Uhuru ulipofika mwaka 1975 sehemu kubwa ya madaktari, ambao wengi wao walikuwa Wareno, walifunga virago, kisha vikaja vita vilivyodumu hadi 1992. Katikati ya vita hivyo, mwaka 1984, nchi ilifanya jambo ambalo wengi katika taaluma waliliona ni la kushusha hadhi: iliwachukua wauguzi na waganga wasaidizi waliokwisha kufanya kazi vijijini, ikawafundisha upasuaji kwa miaka mitatu, miwili Maputo na mmoja wa mazoezi katika hospitali ya mkoa. Serikali iliwaita técnicos de cirurgia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia, ukakuta kwamba katika hospitali za wilaya wao ndio waliofanya asilimia 92 ya upasuaji mkubwa wa uzazi. Namba nyingine katika utafiti huo ndiyo inayobeba hoja yangu: miaka saba baada ya kuhitimu, karibu asilimia 88 ya wataalamu hao walikuwa bado kwenye hospitali za wilaya, ilhali kati ya madaktari waliopelekwa wilayani hakubaki hata mmoja. Wapo watakaosema walibaki kwa sababu cheti chao hakiuziki ng'ambo. Ni kweli kwa sehemu. Lakini hata hospitali ya mjini hawakukimbilia kwa wingi, na watu hao walikuwa wa vijijini kabla ya kufundishwa, wakamalizia mafunzo nje ya mji mkuu.

Pingamizi kubwa zaidi ni kwamba kumpasua mama si sawa na kumpasua mtoto mchanga. Mtoto wa kilo mbili na nusu hupoteza joto mezani, hupoteza maji haraka, na damu ambayo mtu mzima angeipoteza bila kujua inatosha kumuua. Utafiti wa kimataifa uliotoka mwaka 2021, uliokusanya watoto 3,849 kutoka hospitali 264 za nchi 74, uliangalia kasoro saba za kuzaliwa zinazohusu njia ya chakula. Katika nchi za kipato cha chini walikufa karibu watoto 40 kati ya 100. Katika nchi tajiri walikufa chini ya sita. Msomaji wa haraka anaweza kusema tofauti hiyo ni upungufu wa mabingwa, basi tuwarundike mahali pamoja. Mimi naisoma vingine, kwa kuwa watoto wote waliohesabiwa ni wale waliofika hospitali. Wengi huchelewa kufika, wakiwa wamepoa na wamekauka maji, na kuna mambo ambayo bingwa wa mjini hawezi kuyarudisha nyuma hata awe na mkono wa aina gani. Kuhusu swali lenyewe la nani anaweza kumpasua mtoto, kuna ushahidi wa Lilongwe, kwa majirani zetu wa Malawi. Katika Hospitali Kuu ya Kamuzu waganga wasiokuwa madaktari walikutwa wanafanya kama asilimia 40 ya upasuaji wa watoto, na matokeo yao hayakuachana kwa maana na ya madaktari. Hilo halimaanishi wapewe kila kitu. Ni wazi kwamba walifanya kazi wakiwa na wakubwa karibu, katika hospitali ya rufaa. Na hapo ndipo wilaya inapoonekana haina kitu: haina wa kumuuliza.

Jaribio la kupunguza upungufu huo lilianza rasmi Desemba 1999, lilipoundwa COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao Arusha. Msumbiji ni mwanachama. Wenyewe hukiita chuo kisicho na kuta: hakina darasa wala wodi, kinakagua hospitali na kuzithibitisha kuwa mahali pa kufundishia. Daktari husoma upasuaji wa jumla miaka miwili, kisha miaka mitatu ya ubingwa, akiandika kila upasuaji anaoufanya katika daftari lake la mafunzo, na mtihani wa mwisho ni mmoja kwa wote. Upasuaji wa watoto ni mojawapo ya fani hizo. Blantyre, ambako kituo cha Mercy James kilifunguliwa mwaka 2017 ndani ya Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth kwa fedha za shirika la mwanamuziki Madonna, ni sehemu ya mtandao wa namna hiyo. Kijabe nchini Kenya nayo imefundisha mabingwa wa watoto ikiwa hospitali ya misheni, nje kabisa ya Nairobi. Ufuatiliaji wa wapasuaji 1,038 waliohitimu kati ya 1974 na 2013 katika nchi za ukanda huu ulikuta asilimia 85.1 wanafanya kazi katika nchi walizosomea. Kelele za kwamba ukimsomesha mpasuaji umemsomeshea Ulaya hazisimami mbele ya namba hiyo. Hata hivyo hospitali zilizothibitishwa kwa fani ya watoto bado ni kubwa, na mtandao wenye mafundo Blantyre na Kijabe tu haujafika Rongui. Halafu kuna lugha. COSECSA hutahini kwa Kiingereza, na daktari wa Nampula, aliyesomea Kireno katika Chuo Kikuu cha Lúrio kilichoanza kufundisha mwaka 2007, anaanza mbio akiwa nyuma. Suala hili huchukuliwa kama jambo dogo la karatasi. Kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa ndilo linaloirudisha ile njia ya kusini: anayeshindwa lugha ya chuo cha kikanda hubaki na Maputo pekee.

Mpango unaoelekezwa na ushahidi huu si wa ajabu. Hatua ya pili ibaki katika vituo vichache, Maputo na, kwa nini isiwe, Muhimbili jijini Dar es Salaam. Nampula na Pemba zifundishe kolostomia ya mtoto mchanga, usingizi wa mtoto mchanga na kufunga kolostomia, na atakayefundishwa hapo ahesabiwe kuwa mwanafunzi wa mtandao uleule, awe daktari au mtaalamu wa kati, akiwa na bingwa wake anayemjua kwa jina wa kumpigia simu. Jibu lililobaki la wapinzani ni vita: tangu Oktoba 2017 waasi wameishambulia Cabo Delgado, Palma yenyewe ikavamiwa Machi 2021, watu wakakimbia na huduma za afya zikavunjika, basi ni mafunzo gani yatakayosimama hapo? Pwani hii imekwisha kulijibu swali hilo mara moja. Vita vya ukombozi vilipoanza Cabo Delgado mwaka 1964, Frelimo haikungoja amani. Ilijenga hospitali ng'ambo ya Ruvuma, mjini Mtwara, ikaja kuipa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968, na majeruhi wa Cabo Delgado wakavushwa mto kwenda kutibiwa huko. Leo Mtwara ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Mkataba wa serikali mbili wa kumruhusu mtoto mchanga wa Rongui avuke kwenda kaskazini, na mwanafunzi wa Pemba aende kufanya miezi yake ya mazoezi huko kwa lugha ambayo mama wa mgonjwa anaielewa, ungegharimu kidogo kuliko wodi moja mpya Maputo.