Kutoka Kadi ya Matundu hadi Kivinjari: Historia ya Akaunti ya Chuo

Usiku wa Ijumaa moja ya mwaka 1962, mwanafunzi wa uzamivu wa MIT, nchini Marekani, aitwaye Allan Scherr, alipenyeza kadi ya matundu katika foleni ya kazi za kuchapwa. Kadi hiyo iliiagiza kompyuta ya chuo ichape faili moja: orodha ya nywila za watumiaji wote. Jumamosi asubuhi alipita kwenye kabati la machapisho, akachukua karatasi zake, akaenda zake. Siri za watu hazikumshughulisha. Alikuwa amepangiwa saa 4 za kompyuta kwa wiki, na utafiti wake ulidai zaidi. Saa zake zilipokwisha, aliingia kwa jina la mwingine akala za huyo. Ilipita takribani robo karne kabla hajalisema jambo hilo hadharani.

Kisa hiki kinastahili kukaa mlangoni mwa historia yetu, kwa sababu kinaonyesha akaunti ya chuo ilizaliwa kwa haja gani. Leo nywila tunaijua kama kufuli ya siri. Siku zile ilikuwa upawa wa mgawaji, wa kupimia nani ale kiasi gani kutoka sufuria moja.

Sufuria moja, walaji wengi

Kabla ya akaunti, kwa kawaida mtafiti hakuigusa kompyuta. Aliandika programu yake, ikatobolewa kwenye kadi, akamkabidhi fundi, akarudi baadaye kuchukua majibu. Mkato mmoja ukikosewa, siku imepotea. Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake wa MIT walionyesha mfumo walioupa jina CTSS. Mashine ilimhudumia kila mtu kwa kitambo kifupi sana kisha ikahamia kwa mwingine, kwa kasi iliyomfanya kila mmoja adhani yuko peke yake.

Lakini watu wengi wakila pamoja, lazima ijulikane nani ni nani. Kila mtumiaji akapewa jina, mgawo wa muda, mahali pa kuweka mafaili yake na nywila ya kumtambulisha. Hiyo ndiyo akaunti, na muundo wake haujabadilika sana mpaka leo. Mwaka 1965 Tom Van Vleck na Noel Morris wakaongeza amri iliyoitwa MAIL, iliyomwezesha mtu kumwachia mwenzake ujumbe ndani ya mashine ileile. Mwaka uliofuata ukatokea mkasa ambao wasimamizi wa mifumo husimuliana hadi leo: mafaili mawili yalibadilishana nafasi, na kila aliyeingia, badala ya kusalimiwa na tangazo la siku, akamwagiwa nywila za watumiaji wote.

Wakati MIT ikipima kwa upawa, chuo cha Dartmouth, New Hampshire, kilifuata mkondo mwingine. John Kemeny na Thomas Kurtz waliamini kwamba kompyuta ya chuo inapaswa kuwa kama maktaba yenye rafu wazi, ambako hakuna anayemuuliza msomaji amesoma dakika ngapi. Mei 1, 1964, saa kumi alfajiri, programu za kwanza za lugha waliyoibuni, BASIC, zilifanya kazi, na milango ikafunguliwa hata kwa wanafunzi wa fasihi na historia. Sufuria na maktaba: mawazo haya mawili yamevutana katika kila chuo kilichopata kompyuta tangu hapo.

Wa nyumba ya nani?

Oktoba 29, 1969, mashine ya chuo cha UCLA, Los Angeles, ilijaribu kuingia katika mashine ya taasisi ya utafiti ya Stanford kupitia mtandao mpya wa ARPANET. Herufi L ikafika, O ikafika, kisha mfumo ukaanguka. Neno lililokusudiwa lilikuwa LOGIN. Kwa hiyo hata mtandao wenyewe, siku ya kwanza kabisa, ulikwama kwenye hatua ya kuingia katika akaunti, sawa na mwanafunzi mpya.

Miaka miwili baadaye, mhandisi Ray Tomlinson wa kampuni ya BBN, mji wa Cambridge karibu na MIT, alituma barua pepe kati ya mashine mbili zilizokuwa chumba kimoja lakini zikiungana kupitia mtandao huo. Alihitaji alama ya kutenganisha jina la mtu na jina la mashine, akachagua @, kwa kuwa haikuwamo katika majina ya watu. Mswahili hahitaji maelezo marefu hapa. Ukijitambulisha ugenini, jina pekee halitoshi. Utaulizwa wa wapi, wa nyumba ya nani. Alama ya @ ndiyo hiyo “wa kwa”, na kuanzia hapo akaunti ikabeba maana ya pili: ilitangaza kwamba mtu huyu ana kwao.

Nyumba zilipoanza kutembeleana, wezi nao wakapata njia. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa maabara za Bell walichapisha makala iliyoeleza namna ya kuhifadhi nywila zikiwa zimevurugwa, hata mwenye kuliiba faili asiweze kuzisoma moja kwa moja. Kikulacho ki nguoni mwako: Novemba 2, 1988, mtoto wa Morris huyo, mwanafunzi wa chuo cha Cornell, aliachia programu iliyojinakili yenyewe kutoka mashine hadi mashine. Inakadiriwa kuwa kompyuta 6,000 hivi ziliguswa. Mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kubahatisha nywila, ikianza na jina la mtumiaji mwenyewe kisha orodha ya maneno ya kawaida. Mara nyingi ilibahatika.

Mwambao unaunganishwa

Huku kwetu saa ilikwenda kwa mwendo wake. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya jaribio la kuzitumia katika hesabu za serikali kwenda mrama. Katazo hilo lililegea taratibu katika miaka ya 1980. Wakati huohuo vijana wetu waliokuwa wakisoma ng'ambo walipewa akaunti za chuo kama wenzao, wakaonja ladha ya barua inayofika kabla chai haijapoa. Wakenya watatu waliokutana katika vyuo vya MIT na Harvard walianzisha Africa Online mwaka 1994, na kampuni hiyo ikawa miongoni mwa wauzaji wa mwanzo wa intaneti Afrika Mashariki.

Vyuo vya bara hili havikungoja mkongo wa intaneti wa chini ya bahari. Mwaka 1988 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, walianza kupitisha barua zao kwa simu hadi nyumbani kwa mtaalamu mmoja wa Portland, Oregon, aliyewaunganisha na dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mbinu hiyohiyo, iliyoitwa Fidonet, ilitumika kuunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Kazi yake ilifanana na ya mwenye jahazi: barua za siku nzima zilikusanywa na kufungwa kifurushi kimoja, modemu ikapiga simu, ikashusha mzigo na kupakia mwingine. Aliyeandika Jumatatu alitarajia jibu Jumatano, na aliandika kwa ufupi kwa sababu dakika za simu ziligharimu. Mradi wa HealthNet uliwafikishia matabibu barua kwa satelaiti ndogo iliyopita juu mara chache kwa siku. Kisha nyumba zetu zikapata majina: .ke mwaka 1993, .tz mwaka 1995.

Wakati huo jambo jingine lilikuwa limeiva. Mwaka 1989 Tim Berners-Lee alipendekeza kwa wakubwa zake wa CERN, Geneva, mfumo wa kuunganisha nyaraka kwa viungo. Aprili 30, 1993, CERN ikautoa bure kwa walimwengu. Mwaka huohuo kituo cha NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois kilitoa Mosaic, chombo kilichoweka picha na maandishi katika ukurasa mmoja. Sisi chombo hicho tunakiita kivinjari, na neno hilo halikuokotwa barabarani. Kuvinjari ni kitenzi cha watu wa pwani, cha chombo kinachozungukazunguka baharini kikipeleleza. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoitafsiri programu ya ofisi kuwa Jambo OpenOffice mwaka 2004, walionyesha kwamba kompyuta inaweza kuzungumza na mtumiaji kwa Kiswahili.

Foleni ya maabara

Nilipoingia chuo mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000, akaunti yangu ilikuja kwenye kipande cha karatasi kilichokatwa kwa rula: jina la mtumiaji, na nywila ambayo ilikuwa namba yangu ya usajili. Wenzangu wote walikuwa na nywila ya namna hiyo, na namba zetu zilibandikwa ubaoni na matokeo. Mlangoni kulikuwa na daftari. Ulijiandikisha, ukangoja, ukapewa saa moja. Wajanja walizima picha kwenye kivinjari ili ukurasa ufunguke kabla saa haijakatika. Barua ya chuo ilipogoma wiki nzima, sote tulihamia Yahoo, na hatukurudi.

Hatukuwa peke yetu. Hotmail ilifunguliwa Julai 4, 1996, na huduma za bure zilizofuata ziliwavuta hata maprofesa, wakachapisha anwani za Yahoo kwenye kadi zao za kazi. Ilikuwa nafuu ya kweli yenye bei iliyofichika: msomi alipata sanduku linalofunguka lakini akapoteza “wa kwa” yake. Februari 4, 2004, Facebook ilipoanzia Harvard, aliyetaka kuingia alidaiwa anwani ya chuo hicho. Anwani ilikuwa tiketi, na wengi wetu tulikuwa tumeitupa.

Tatizo la msingi lilikuwa bomba. Chuo chenye maelfu ya watu kiliweza kutegemea kiungo cha satelaiti chembamba kuliko kinachoifikia simu moja ya leo, kwa maelfu ya dola kila mwezi. Julai 23, 2009, mkongo wa SEACOM ulizinduliwa, ukitua Mombasa na Dar es Salaam. TEAMS na EASSy zikafuata. Mitandao ya vyuo, yaani KENET ya Kenya, RENU ya Uganda na TERNET ya Tanzania, iliwezesha vyuo kununua intaneti kwa pamoja. Sufuria ikawa kubwa, na kwa mara ya kwanza wazo la Dartmouth, la maktaba yenye rafu wazi, likawezekana kwetu.

Nywila sikupi

Mwanafunzi anayepokea akaunti wiki hii hapewi mgawo wa saa. Hupewa barua pepe, mlango wa majarida, mfumo wa kusajili masomo na kuona matokeo, na pengine eduroam, huduma ya Wi-Fi inayomruhusu kutumia nywila ya chuo chake hata akitembelea chuo cha nchi nyingine. Masharti ya kuanza ni machache: badili nywila uliyopewa siku hiyohiyo, usiifanye namba yako ya usajili, na ukitumia mashine ya maabara, toka kwenye akaunti kabla ya kuinuka kitini.

Sharti gumu hukutana naye bwenini usiku. Jirani anagonga mlango, bando limeisha, bumu la mkopo halijatoka: “Nisaidie nywila yako niingie Wi-Fi.” Mwaka 1962 ukarimu huo ungekugharimu saa kadhaa za kompyuta, ukazisahau. Leo aliyeingia kwa jina lako anaweza kufuta kozi zako na kumwandikia mhadhiri barua inayosema ni wewe. Upawa umegeuka uso wa mtu. Mwenye akili hamfukuzi jirani. Humwambia nywila sikupi, ila vuta kiti, nikuwashie hotspoti.