Balbu na Vifaranga

Sisi wa Mahoo, Kenya, tulifunzwa kubana stima hata kabla ya kuizoea. Mwaka 2000 ukame ulipopunguza maji ya mabwawa ya Mto Tana, umeme ulitolewa kwa zamu nchi nzima. Chemli zikarudi mezani. Mwaka 2010 serikali na kampuni ya umeme zikaanza kugawa bure balbu zaidi ya milioni moja: toa ya zamani, chukua ya kubana matumizi. Mama aliigeuzageuza ile nyeupe iliyojikunja, akauliza, "Na hii itapasha vifaranga joto?" Swali la haki kabisa. Wati 60 za balbu ya zamani zililea vifaranga, 11 za hii mpya hazikuthubutu. Isitoshe, balbu mpya zilikuwa na zebaki ndani, na zikivunjika ziliishia shimo la taka nyuma ya migomba.