Meza za pool: jiwe au ubao?

Wadau, mimi nimezoea meza ya jiwe kule Mwanga: ukigusa taratibu, mpira unakwenda ulikoutuma. Juzi nikashuka Kibirizi nikaliwa buku tano kwenye meza ya ubao! Ubao ukishika unyevu unapinda, na huku ziwani unyevu haukosi. Mpira mweupe ulikuwa unakata kona wenyewe. Kitambaa nacho kikiwa na maji maji mpira unakuwa mzito.

Meza za mashindano ni jiwe, tena zinawekwa sawa kwa pima maji. Zetu hizi za sarafu ni futi 7. Zile za futi 9 za Marekani ukikosea kidogo tu kwa mbali, shimo hulioni.

Kabla hujaweka dau, sukuma mpira polepole kona mpaka kona. Ukipinda, kanywe chai.