Adabu, Hoja na Mshahara wa Rais

Swali lenyewe ni la kijiweni, na pengine ndiyo maana halijibiwi vizuri: kama sikubaliani na rais, nadaiwa kumheshimu? Kwenye daladala na kwenye magrupu ya WhatsApp jibu huja kwa sura mbili. Wa kwanza atakwambia rais ni mzazi, na mzazi hakosewi adabu hata akikosea. Wa pili atakwambia heshima haiombwi, inatafutwa kwa vitendo, na asiyeitafuta asilalamike. Kila mmoja anaondoka akiamini ameshinda.

Nimefanya kazi ya uandishi wa habari kwa zaidi ya miaka 10, na kazi hii imenizoesha kutazama vitenzi. Angalia vichwa vya habari vyetu: Rais aagiza. Rais akemea. Rais awafunda wakuu wa mikoa. Rais avunja ukimya. Kitenzi ambacho ni adimu kukikuta ni "ajibu". Kujibu kunahitaji mtu aliyeuliza, na kwetu anayemuuliza mkubwa hutazamwa kwanza jinsi alivyouliza: kwa sauti gani, kwa uso gani, kasimama au kainama. Alichouliza kinakuja baadaye, kama kinakuja.

Haikuanza jana. Ukitaka kuona jinsi mambo haya mawili, adabu na hoja, yalivyokutana mlangoni pa Ikulu, rudi kwenye Jumamosi ya tarehe 22 Oktoba 1966.

Siku hiyo wanafunzi wapatao 400, wengi wao wa Chuo Kikuu Dar es Salaam, walivaa majoho na kuandamana hadi Ikulu. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wa chuo kikuu na wa kidato cha sita watalitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima kwa miaka 2: kwanza miezi kadhaa kambini, halafu miezi 18 kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wasomi hawakutaka. Walileta tamko, si ombi: masharti yasipobadilishwa, miili yao itakwenda kambini lakini roho zao zitabaki nje. Ndani ya tamko hilo kulikuwa na jambo lingine pia. Kwa nini sisi tukatwe, waliuliza, wakati nyinyi viongozi mnaendelea na mishahara mikubwa? Na katikati ya mabango, moja lilikuwa na ujumbe kwamba wakati wa mkoloni kulikuwa na afadhali.

Tuwe wakweli kuhusu pande zote mbili. Vijana wale walikuwa kikundi kidogo mno katika nchi ya wakulima. Kusomeshwa kwa kodi za watu wa jembe halafu kununa unapoambiwa ulipe kwa miaka 2 si ushujaa. Kwenye suala la Jeshi la Kujenga Taifa mimi naona Mwalimu Nyerere alikuwa na haki. Halafu kumbuka nchi yenyewe ilikuwa na umri gani. Uhuru ulikuwa na miaka 5 kasoro. Januari 1964, wanajeshi wa kambi ya Colito walikuwa wameasi, rais akalazimika kujificha, na mwisho ikabidi kuwaita askari wa Uingereza, mkoloni yule yule aliyeondoka juzi, waje kutuliza maasi. Kiongozi aliyepitia hayo anaposoma bango linalosifu ukoloni, hasomi utani.

Nyerere alikasirika. Waliosimulia siku ile wanakubaliana juu ya hilo. Lakini kinachonivutia ni alichokifanya na hasira yake, kwa sababu alifanya mambo mawili yasiyofanana kabisa.

La kwanza, alijibu hoja. Alikubali mbele ya wale vijana kwamba mishahara ya wakubwa, wake ukiwemo, ilikuwa mikubwa kwa nchi maskini. Yeye alikuwa akilipwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Hapo hapo akatangaza kukata asilimia 20 ya mshahara wake, na mishahara ya viongozi wengine wa juu serikalini nayo ikapunguzwa. Miezi isiyozidi minne baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na miiko yake ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asipangishe nyumba. Azimio lina mizizi mingi, siwezi kusema lilizaliwa na maandamano yale. Lakini wanahistoria wengi wanaitaja ile Jumamosi kuwa moja ya hatua za kuelekea huko.

La pili, aliadhibu adabu. Wanafunzi karibu 400 walifukuzwa chuoni na kurudishwa makwao. Wengi walikuja kurejeshwa baadaye, lakini somo lilikuwa limeshaeleweka.

Yaweke pamoja mambo haya mawili. Rais aliambiwa neno, akaona lina ukweli, akajikata mshahara kwa sababu yake, na siku ile ile akawafukuza waliolisema. Aliichukua hoja na kuwaacha wenye hoja. Mtu anaweza kusema aliwafukuza kwa kukataa JKT, si kwa neno la mishahara, na ni kweli kwamba tamko lao lilikuwa la kitisho. Lakini nchi ilijifunza nini? Ilijifunza kwamba hata ukiwa na hoja inayomfanya mkubwa apunguze mshahara wake, jinsi ulivyoisema inaweza kukugharimu masomo yako.

Tukubaliane kwamba Nyerere hakuwa mtu wa kupenda kuabudiwa. Mwaka 1963 alitoa waraka wa kukemea mbwembwe za viongozi, akalalamikia hata tabia ya kupigiwa wimbo wa taifa kila rais anapotokea kwenye hafla ndogo ndogo. Chini ya TANU "Mheshimiwa" iliwekwa kando, watu wakaitana "Ndugu", na ahadi za mwanachama zilisema wazi kwamba cheo ni dhamana. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, kwenye ibara yake ya 15, uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Yaani heshima ilitakiwa ishuke pia, siyo ipande tu.

Na watu walilichukua neno hilo kama lilivyo. Wafanyakazi viwandani waliishika ibara ya 15 wakagoma, si kwa mishahara tu bali kwa sababu meneja anawatukana. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walifika mahali pa kukishika kiwanda na kukiendesha wenyewe. Serikali iliyoandika Mwongozo haikufurahishwa na wasomaji wenye bidii namna hiyo, na migomo ikaanza kuzimwa.

Kama bado unadhani tatizo lilikuwa ukali wa lugha tu, nenda Machi 1978. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana tena. Safari hii hawakuwa wakidai chochote cha kwao. Walikuwa wakipinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya wabunge na mawaziri, yaani walikuwa wakililinda Azimio dhidi ya wenye Azimio. Hakukuwa na sifa za mkoloni. Polisi waliwazuia, na mamia wakafukuzwa. Mwaka 1966 kosa lilikuwa kumpinga rais. Mwaka 1978 kosa lilikuwa kukubaliana naye kwa sauti kubwa kuliko ilivyotakiwa. Ukiona adhabu ni ile ile kwa makosa mawili yaliyo kinyume, ujue kinacholindwa si heshima. Ni ukimya.

Hapa ndipo naachana na yule wa kwanza wa kijiweni, wa "rais ni mzazi". Mzazi hukumchagua, na huwezi kumbadilisha kila baada ya miaka 5. Rais umempa kazi, na hata kama kura yako ilikwenda kwa mwingine, jirani yako amempa kwa niaba yenu. Isitoshe, wazee wetu wenyewe hawakuwahi kufundisha kwamba mkubwa hasemwi. Walisema ukubwa ni jaa: ukishakuwa mkubwa, taka zote zitamwagwa kwako, na kazi yako ni kustahimili. Hiyo ni falsafa ya uongozi kuliko vifungu vingi vya sheria.

Na sheria tunazo. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Watanzania kadhaa walifikishwa mahakamani kwa maneno waliyoandika mitandaoni kuhusu Rais Magufuli. Mmoja, huko Arusha mwaka 2016, alihukumiwa kulipa faini ya shilingi milioni 7 au kwenda jela miaka 3. Mwaka uliofuata, Machi 2017, msanii Ney wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake "Wapo" ulioichamba serikali, na wimbo ukafungiwa. Siku chache tu, waziri mwenye dhamana ya habari, Dk. Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba rais ameupenda wimbo: msanii aachiwe, wimbo upigwe, na ikiwezekana aongezee na watu wengine wa kusema, wakiwemo wakwepa kodi.

Nakumbuka wenzangu wengi walishangilia. Kumbe mzee anapenda utani! Mimi pia nilifurahi kwamba kijana wa watu amelala kwake. Lakini ukiitazama vizuri habari ile inatisha. Mmoja katozwa mamilioni, mwingine kapewa ushauri wa kisanii, na kilichobadilika ni kile ambacho rais alijisikia. Uhuru unaotegemea mkubwa kaamkaje una jina lake kwa Kiswahili: hisani. Hisani hushukuriwa, haidaiwi.

Jirani zetu Wakenya walilipeleka suala hili mahakamani. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ilikuwa na kifungu cha 132, kilichofanya kuwa jinai kushusha hadhi ya mamlaka ya afisa wa umma. Desemba 2014 mwanablogu Robert Alai alishtakiwa kwa kifungu hicho kwa kuandika Twitter kwamba Uhuru Kenyatta ni rais mwenye utoto. Aprili 2017 Mahakama Kuu ikaona kifungu hicho kinapingana na katiba na uhuru wa kujieleza, ikakiondoa. Rais alibaki rais. Kiti hakikuvunjika kwa sababu aliyekikalia kaitwa mtoto.

Sasa nageuka kwa yule wa pili, wa "heshima itafutwe", maana naye simwachi. Kufuta sheria ya matusi hakugeuzi tusi kuwa hoja. Bango la ukoloni la 1966 liliwasaidia nini vijana wale? Lilimpa rais na nchi nzima sababu ya kutazama ufedhuli wao badala ya kuendelea kutazama mishahara. Ukimwita kiongozi mbwa, umemsamehe swali: atashughulika na mbwa, na bajeti itapita salama. Nimeona mara nyingi kwenye kazi hii mtu ana nyaraka, ana takwimu, ana haki kabisa, halafu anaweka neno moja chafu pale juu, na kesho yake kinachojadiliwa redioni ni lile neno. Mwenye madaraka huwa wa kwanza kushukuru.

Kwa hiyo nadaiwa nini? Kwa maoni yangu nadaiwa kumchukulia rais kama mtu mzima mwenye uwezo wa kusikia na kujibu. Kumsifia asichokifanya ni kumdharau: ni kumfanya mtoto wa kubembelezwa. Kumtukana bila hoja nako ni kumdharau, kwa sababu nimeshaamua hawezi kuelewa. Anayemwambia "hapa umekosea, na sababu zangu ni hizi" ndiye aliyempa heshima kubwa kuliko wote, hata kama hakuanza na shikamoo. Na rais kwa upande wake anadaiwa jibu, hata anaposemwa na mtu asiye na adabu. Ukosefu wa adabu wa raia ni aibu ya raia huyo. Ukosefu wa jibu wa rais ni hasara ya wote.

Miongoni mwa waliofukuzwa mwaka 1966 alikuwepo kijana mmoja anaitwa Samuel Sitta. Miaka 39 baadaye, mwaka 2005, alichaguliwa kuwa Spika wa Bunge. Chini yake, Februari 2008, ripoti ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond ilisomwa bungeni, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Hakukuwa na majoho wala mabango. Kulikuwa na kurasa za ripoti, maswali, na watu waliolazimika kuyajibu.

Kama mfukuzwa wa 1966 aliweza kuja kuwa Spika, basi yule kijana anayeandika kwa hasira usiku huu kwenye simu yake si adui wa nchi. Mwambie arekebishe lugha, sawa. Lakini ukishamwambia hivyo, soma na alichoandika, maana kuna mwaka ambao rais alisoma na akaona mshahara wake ni mkubwa mno.