Marekebisho ya hati ya madai

Marekebisho ya hati ya madai (nomino, wingi): mabadiliko yanayofanywa kwa idhini ya mahakama katika maandishi ambayo mdai alifungulia shauri lake. Kitenzi: *kurekebisha hati ya madai*. Maandishi ya mdaiwa huitwa *utetezi wa maandishi*, nayo hurekebishwa kwa kanuni hiyohiyo.

Matumizi. *Kurekebisha* kusichanganywe na *kusahihisha*. Mahakama husahihisha kosa la uandishi au la hesabu katika hukumu yake, ilhali mdaawa hurekebisha hati yake kabla ya hukumu. *Kuondoa shauri* ni jambo jingine: shauri lenyewe hutoka mahakamani. Katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mdai huitwa *mwombaji* na mdaiwa huitwa *mjibu maombi*.

Sheria. Nchini Tanzania, Amri ya VI, Kanuni ya 17 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai (Sura ya 33) inairuhusu mahakama, katika hatua yoyote ya shauri, kukubali marekebisho yanayohitajika ili kuamua kiini halisi cha mgogoro. Baraza la Wilaya huitumia Sheria hiyo pale kanuni zake lenyewe zinapopungua. Katika shauri la *Eastern Bakery* dhidi ya *Castelino* (1958), Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba marekebisho yaruhusiwe kwa wepesi iwapo upande wa pili hautadhulumiwa, na kwamba hakuna dhuluma pale ambapo gharama zinatosha kuufidia.

Mfano. Tuseme mkazi wa Bungu, wilayani Kibiti, amenunua shamba la mikorosho kwa hati ya mauziano, kisha muuzaji akakataa kulikabidhi. Maombi yake yanataja mpaka wa mashariki kuwa barabara, ilhali hati ya mauziano inataja korongo. Asiporekebisha, ushahidi wake utapingana na maombi yake; na hata akishinda, hukumu itakuwa ngumu kutekelezwa, kwa kuwa haijulikani ni ardhi ipi ikabidhiwe. Marekebisho ya namna hii kwa kawaida hukubaliwa.

Hali hubadilika akiomba, katika mwaka wa nane tangu mkataba uvunjwe, kuongeza dai mbadala la kurudishiwa fedha. Dai la kurejeshewa ardhi lina ukomo wa miaka 12, lakini dai la mkataba lina ukomo wa miaka 6. Marekebisho hayo yangemnyang'anya muuzaji utetezi wa ukomo wa muda, kwa hiyo kwa kawaida hukataliwa. Mnunuzi akishindwa kuthibitisha haki yake juu ya shamba, hukosa shamba na fedha pia.

Tahadhari. Ombi la marekebisho halitumiki kukwepa pingamizi la awali lililokwisha kuwasilishwa. Idhini nayo ina mipaka: mwenye kuruhusiwa kurekebisha mpaka asipenyeze dai jingine.

Semi zinazohusiana. *Wadaawa hufungwa na hati zao*: mdaawa hawezi kudai kwa ushahidi jambo ambalo hakulitaja katika hati yake. *Kuomba idhini ya kurekebisha* ni sanifu zaidi kuliko *kuomba kubadilisha kesi*. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini Tanzania, usahihi wa istilahi hizi umekuwa sehemu ya haki yenyewe.

*Taz. pia:* mdaawa, pingamizi la awali, ukomo wa muda, utetezi wa maandishi.